Ukitaka mtoto wa paka alale usiku, anza kumshughulikia jioni

Kuanzia Juni mahindi yanashuka kutoka mashambani, viroba vinapangwa mpaka chumba cha kulala, na huku kwetu Uyole, Mbeya, ndipo kila nyumba inapotafuta paka. Panya wanayafuata mahindi, na sumu ya panya wengi tunaikwepa kwa sababu ya watoto wadogo na kuku wa kienyeji uani. Basi mtu anaomba mtoto wa paka kwa jirani, anamleta nyumbani kwenye boksi, na usiku huohuo hakuna anayelala. Paka anapanda pazia, anavizia vidole vya miguu chini ya blanketi, anaangusha vikombe mezani, na ikifika saa 9 usiku anaanza kulia. Wiki haijaisha, wenye nyumba wameshasema huyu ni mkorofi, ametiwa kwenye kiroba, anakwenda kutupwa sokoni. Jambo hilo linaniuma sana. Mtoto wa paka anayesumbua usiku karibu kila mara ana sababu inayoonekana, na nyingi ya sababu hizo zinaondoka kwa vitu ulivyo navyo ndani.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba ninachoshonea ndicho ninacholala, ukuta mmoja na wapangaji wenzangu, kwa hiyo paka akikesha kwangu korido nzima imekesha. Huyu niliye naye sasa anaitwa Kiberiti. Alikuja mwembamba, na fujo zote unazozijua alikuwa nazo. Leo wateja wanaokuja jioni kupima nguo wanamkuta amejikunja kitandani kwake, hata mlio wa cherehani haumwamshi. Wakiniuliza nimempa dawa gani, jibu langu ni hilohilo: usiku wa paka unatengenezwa jioni. Ukingoja akuamshe ndipo uanze kuhangaika naye, umeshachelewa.

Saa zake si zako

Paka ni mwindaji wa magharibi na alfajiri. Hizo ndizo nyakati panya wanatoka, ndege wanatua au wanaamka, na mwili wa paka umepangwa hivyo awe anaishi porini au kwenye chumba cha kupanga. Saa nyingine zote analala, na mtoto wa paka analala sana, jumla ya saa 16 hadi 20 kwa siku, ila kwa vipande vipande, si kwa mkupuo mmoja.

Sasa chukua nyumba ambayo baba yuko kazini, mama yuko Mwanjelwa kwenye biashara, watoto wako shule. Paka kabaki peke yake, hana la kufanya, analala kutwa nzima. Jioni mnarudi, mnapika, mnamwekea chakula, saa 4 mnazima taa. Yeye ndiyo kwanza amechangamka, tumbo limejaa, nguvu zake za siku nzima hazijaguswa. Atazimalizia wapi kama si kwenye pazia lako?

Kwa asili paka anafuata mfuatano huu: anawinda, anakamata, anakula, anajilamba mwili mzima, analala. Usingizi uko mwisho. Paka wa ndani tunamkatia sehemu mbili za mwanzo, tunampa kula tu, halafu tunashangaa haoni usingizi. Kazi yako ni kumrudishia mfuatano wote, kwa mpangilio wake, jioni kabla wewe hujalala.

Kwanza uwe na hakika hana shida

Kabla ya mchezo wala ratiba, angalia baridi. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai sakafu ya saruji unaisikia kupitia soksi. Njombe na Makete ndiyo usiseme. Mtoto wa paka amezoea kulala amebanana na ndugu zake kwenye tumbo la mama yao. Ukimlaza peke yake kwenye sakafu hiyo atalia, na ana haki ya kulia.

Kitanda nakushauri umshonee. Tafuta sweta la mtumba lililochakaa, zito, la mtu mzima. Toa vifungo na zipu zote. Shona shingo ifungike, kisha pitisha mshono mmoja ulionyooka kifuani kutoka kwapa moja hadi jingine, lakini kabla hujaufunga jaza mabaki ya vitambaa kwenye mabega na kwenye mikono yote miwili mpaka ikaze. Sehemu ya tumbo ijaze sponji au nguo kuukuu, bapa kidogo, halafu ushone upindo wa chini. Sasa zungushia ile mikono pembeni mwa tumbo mpaka ikutane mbele, uishikize kwa mshono wa mkono pande zote. Unapata duara lenye ukingo, na paka anapenda ukingo kwa sababu anaegemeza mgongo na kichwa. Mishono iwe ya karibu karibu, nyuzi usiache zinaning'inia. Nitaeleza mbele kwa nini.

Kitanda hicho kiweke ndani ya boksi lililolazwa ubavu, ili juu kuwe na paa, na boksi lenyewe likae juu ya kipande cha ubao au kiroba kilichokunjwa mara kadhaa. Kama ndiyo unamchukua leo, mwombe unayemchukua kwake akupe kitambaa ambacho mama yake paka alikilalia. Harufu ile inamtuliza siku za kwanza kuliko maneno yako yote.

Usiku wa baridi kali, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza. Maji yawe ya moto tu, yasiwe yanachemka, kwa sababu yanayochemka yanaikunja chupa. Ivishe soksi nzito na uilaze upande mmoja wa kitanda ili akiona joto limezidi ahamie upande wa pili. Lakini jiko la mkaa usiliingize chumbani kwa ajili ya paka, wala kwa ajili yako. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na chumba kikifungwa dirisha inaua waliolala, watu na wanyama. Kila msimu wa baridi huku kwetu jambo hili linapaswa kusemwa tena.

Halafu njaa. Tumbo lake ni dogo, chakula cha mara moja kwa siku hakimtoshi. Mpaka afike miezi mitatu au minne mpe kidogo kidogo mara 4 kwa siku, kisha mara 3 mpaka miezi sita. Choo nacho kiwe mahali anapopafikia usiku: beseni pana la ukingo mfupi, lenye mchanga au maranda, mbali na bakuli la chakula. Maranda kwa karakana za mbao si shida kuyapata. Chagua yale ya vipande vilivyojikunja, siyo vumbi laini linaloingia puani.

Ugonjwa usiuchezee mwenyewe. Tumbo limevimba huku uti wa mgongo unahesabika, hapo kuna minyoo. Anajikuna mpaka hatulii, kuna viroboto. Macho yenye tongo, kuharisha, kukataa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo hupewa kila baada ya wiki mbili mpaka afike miezi miwili, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, na kipimo kinafuata uzito wake. Chanjo ya kichaa cha mbwa anaanza kuipata akifika miezi mitatu; paka naye anaupata ugonjwa huo na anaweza kumwambukiza mtu. Panadol usimpe hata kipande, ni sumu kwa paka. Na dawa ya viroboto ya mbwa usimpake, nyingi zina permethrin, na hiyo inamtetemesha paka mpaka kufa.

La mwisho hapa ni umri. Paka wa chini ya wiki 8 analia kwa sababu anamtaka mama yake, na hakuna mchezo utakaoziba pengo hilo. Mwachie mama yake mpaka wiki 8, na akifika 12 ni bora zaidi. Mwenye paka akikuharakisha umchukue mapema, mwambie utarudi.

Mchezo wa jioni

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wanaponisikiliza nusu. "Mbona anacheza kutwa, dada fundi?" Anacheza peke yake, ndiyo. Lakini kukimbizana na kifuniko cha soda dakika mbili na kuchoka kwa kuwinda ni vitu viwili tofauti.

Chukua fimbo nyepesi ya urefu wa nusu mita au zaidi kidogo. Kata kipande cha kitenge cha upana wa vidole viwili na urefu wa mkono wako, kifunge kwenye ncha ya fimbo, na mwishoni mwa kitambaa piga fundo kubwa. Fundo hilo ndilo panya. Usitumie uzi, lastiki wala utepe mwembamba. Na usitumie mkono wako, hata kama ni mdogo na meno yake hayaumi. Paka anayefundishwa kwamba vidole ni mawindo mchana, usiku atavifuata chini ya blanketi, naye hatakuwa amekosea.

Kinachoharibu mchezo ni kumning'inizia kitambaa usoni. Hakuna panya anayejileta mdomoni mwa paka. Mawindo yanakimbia, yanajificha, yanasimama. Buruza fundo kuondoka kwake, lipitishe nyuma ya mguu wa cherehani au wa stuli, kisha lisimamishe hapo, ncha tu ionekane, ikitetemeka kidogo. Ngoja. Kusimama kunamwasha kuliko kukimbia. Mtazame Kiberiti wakati huo: tumbo linagusa sakafu, masharubu yote yamekuja mbele, macho yamekuwa meusi karibu yote, makalio yanatikisika kushoto kulia, halafu anaruka. Hiyo ndiyo kuwinda. Kule kuvizia kwenyewe kunamchosha, kwa hiyo usimharakishe.

Mwache akamate, na akamate mara nyingi. Alishike fundo kwa miguu ya mbele, aling'ate, alipige mateke kwa miguu ya nyuma. Paka asiyekamata kitu anabaki na hasira mwilini. Ndiyo maana sipendi mchezo wa kumulika tochi au mwanga wa simu ukutani, anahangaika na kitu kisichoshikika. Kama watoto wameshaanza kumchezesha hivyo, mwishoni umtupie fundo au soksi iliyojazwa vitambaa aikamate.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mimi nachezesha mara mbili: mara ya kwanza magharibi, nikishafunga kazi na kabla sijawasha jiko, maana saa hiyo hata mwili wake unamsukuma, mara ya pili karibu saa 3 usiku, na hii ndiyo usiikose hata ukiwa umechoka. Akianza kuhema mdomo wazi, simama, huyo ni mtoto bado. Na usikate mchezo ghafla akiwa juu. Punguza mwendo taratibu. Fundo liwe kama panya aliyejeruhiwa, linaburuzwa pole pole, linasimama muda mrefu zaidi, mpaka analikamata kwa mara ya mwisho na hapo unamwachia kabisa. Baada ya hapo fimbo inapanda juu ya kabati. Usiiache sakafuni usiku kucha, atakitafuna kitambaa, na kesho hatakiona kipya tena.

Akiliachia fundo tu, chakula kiwe tayari. Usimkawize. Kwangu ni usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaotuletea kutoka Kyela. Nawaosha mpaka mchanga uishe, nawachemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila pilipili, kisha nawaponda. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa kwenye sufuria yenu usimmwagie. Siku nyingine napata kwa wauza kuku utumbo na vichwa, navyo nachemsha, na mifupa natoa. Maini mpe kwa nadra na kidogo. Yai la kuchemsha linafaa. Ugali unaweza kuchanganya kidogo kama ndicho kilichopo, ila paka anaishi kwa nyama na samaki; ugali unamjaza tumbo tu, na ndiyo maana paka wa ugali mtupu usiku wa manane anakuwa juu ya meza akitafuta kingine. Maziwa najua huku hayakosekani, ya Tukuyu yanafika kila siku, lakini paka aliyeacha kunyonya wengi hawayawezi. Yanamharisha, na paka anayeharisha halali, na wewe hulali. Maji safi yanatosha.

Akishakula atakaa pembeni aanze kujilamba: mkono, uso, nyuma ya sikio, ubavu, mkia. Hapo usimbebe, usimwite, watoto wasimshike. Punguza sauti ya redio, zima taa kubwa. Anajilamba akielekea usingizini. Akimaliza anazunguka mara moja mbili kitandani na kujikunja, nawe nenda kalale.

Akiamka usiku

Ataamka, hasa siku za mwanzo. Paka mgeni kabisa, usiku wake wa kwanza hata wa tatu, msogezee boksi karibu na kitanda chako ili asikie unavyopumua. Akilia, ninginiza mkono karibu naye anuse, inatosha. Anaogopa nyumba ngeni, na kumfungia jikoni peke yake kunazidisha tu.

Akishaizoea nyumba, anakula, anacheza, choo anakijua, na bado saa 9 anakuita, hapo sheria inabadilika. Usimjibu. Usiseme "nyamaza", usimsukume kwa mguu, usitupe ndala, na kabisa usiamke kumpa chakula. Kwa paka hayo yote ni majibu. Alilia, mtu akaamka. Kesho atalia tena saa ileile. Akikuvizia vidole, tulia kama gogo, kidole kisichotikisika hakina utamu. Mwekee karibu soksi nzito iliyojazwa na kushonwa, ahangaike nayo.

Na lazima ulijue hili mapema, vinginevyo utakata tamaa siku mbaya: ukianza kutomjibu, atalia zaidi kabla hajaacha. Anajaribu njia iliyomfaa jana, anaiongezea nguvu. Wengi wanaamka usiku huo ndio wanampa usipa, na wamemfundisha kwamba dawa ni kulia kwa nguvu na kwa muda mrefu. Kaeni kikao nyumbani mkubaliane wote, maana mtoto mmoja akiamka kumbembeleza kwa siri, kazi ya wengine imeharibika.

Alfajiri vilevile. Chakula kisifuate kilio wala kisifuate wewe kufumbua macho. Amka, nawa uso, washa jiko, teka maji, ndipo uchukue bakuli lake. Baada ya muda ataacha kuuhesabu mwamko wako kuwa ni chakula.

Kumpiga hakusaidii. Hawezi kuunganisha kofi la saa 9 na pazia alilolipanda. Anachojifunza ni kwamba mkono wako unaumiza, na kuanzia hapo atajificha uvunguni mchana na kutembea usiku nyinyi mkiwa mmelala, yaani kile ambacho hukukitaka.

Kuna suala la majirani. Huku kwetu paka akilia usiku wapo wanaosema ni uchuro. Mama mwenye nyumba aliniita: "Mwanangu, huyo paka analia usiku kucha, ametuletea nini?" Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, ametolewa kwa mama yake juzi tu, na anasikia baridi. Nivumilie wiki hii." Nikampeleka akamwone kitandani kwake, akamshika miguu, akaona ilivyo ya baridi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa sweta la pili. Nakushauri uwahi kusema na majirani kabla hawajaanza kusemezana wao kwa wao, kwa sababu mtu mwenye hofu anaweza kumrushia jiwe mnyama asiye na kosa.

Panya wa darini na mvua ya mabati

Wakati mwingine mchezo umefanyika, ameshiba, ana joto, na bado yuko macho ameinua shingo anatazama juu. Basi sikiliza dari. Panya wanazungumza kwa sauti nyembamba ambazo masikio yetu hayazikamati lakini yake yanazikamata vizuri. Huyo anafanya kazi uliyomwitia. Hamishia kitanda chake mbali na kona wanayopita, ziba matundu ya dari na ya pembeni mwa mabati kwa vipande vya bati, na viroba vya mahindi viinue juu ya mbao visiguse ukuta. Sumu ya panya usiweke tena ukishakuwa na paka. Panya aliyekula sumu anakuwa mzito, anakamatika kirahisi, na sumu ile inahamia kwa paka.

Kuanzia Novemba mvua ikianza kupiga mabati na radi ikafuata, wengine wanaruka ukutani kwa hofu. Boksi lenye paa lisogeze chini ya meza au kitanda, tupia blanketi juu, umwache aingie mwenyewe. Usimshike kwa nguvu kumtuliza, atakuchana.

Kama nyumbani kuna uzi

Hili nalisema kama fundi, na silisemi kwa kupita. Ulimi wa paka una miba inayoelekea kooni. Uzi ukishashika hapo hawezi kuutema, anaumeza tu, na mara nyingi na sindano yake. Ncha moja inanasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo unaendelea kuvuta, unajikunja kama upindo wa sketi ya lastiki, mwisho uzi unaukata. Paka anatapika, hali, anajikunyata, na bila upasuaji anakufa.

Kwa hiyo kila jioni kabla ya mchezo nafagia chini ya cherehani mpaka kwenye pedeli, bobini zinaingia kwenye kopo lenye kifuniko, sindano zinachomekwa kwenye mto mdogo wa sindano na mto huo unafungiwa kwenye droo. Hata wewe usiye fundi una nyuzi za viroba vya unga, raba bendi, kamba za viatu na nywele za kusuka. Viondoe sakafuni kabla hujazima taa. Ukiona uzi unatokea mdomoni au nyuma kwenye haja kubwa, usiuvute kamwe, wala usimpe mafuta ya kula ili uteleze. Mfunge kwenye kitambaa atulie, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mchana nao una sehemu yake

Hapa sina mengi. Mwekee mahali pa kupanda karibu na dirisha aone ndege, ficha vipande vidogo vya chakula ndani ya boksi tupu avitafute, na ukipita mchana mwamshe mara moja mbili mcheze dakika chache. Usimkatishe usingizi kutwa kucha kwa kudhani atachoka usiku. Mtoto aliyekosa usingizi anakuwa mkali tu. Kama nafasi na chakula vinaruhusu, chukua wawili wa tumbo moja. Watawindana wao kwa wao, watapeana joto, na vidole vyako vitapumzika.

Kilio kisichotibiwa na mchezo

Paka jike anaweza kuanza joto, yaani kutaka dume, akiwa na miezi minne tu, wengi miezi sita. Hapo utasikia mlio tofauti, mzito na mrefu, usiku na mchana. Anajigaragaza sakafuni, anajisugua kwenye miguu ya watu, anainua makalio na kupeleka mkia upande, na madume ya mtaa mzima yanakusanyika juu ya bati. Watu wananiletea habari hiyo wakidhani amerudia fujo za utoto. Mpeleke kwa daktari wa mifugo umuulize kuhusu kumfunga kizazi, na dume kumhasi, kabla hata hajafika umri huo ikiwezekana. Mpaka siku ya daktari, jike huyo alale ndani na madirisha yafungwe.